Vikwazo kwa makaburu, vikwazo kwa Cuba, na seneta mmoja

ZUHURA: Haya jamani karibuni tena, mimi Zuhura, na kaka Baraka yupo hapa kakunja sura kama kawaida yake. Leo ni vikwazo vya uchumi, maana huko mitandaoni watu wanasema wabunge wa Marekani ukiwakorofisha tu wanakupiga vikwazo, na mimi nauliza, hivi wanampiga kila mtu?

BARAKA: Wee! Makaburu je? Hao wabunge walisubiri mpaka 1986 ndo wawawekee vikwazo, na bado ilikuwa vita.

ZUHURA: Na Mwalimu alishasimama London Juni 1959, Tanganyika hata uhuru haijapata, anahutubia mkutano wa kususia bidhaa za Afrika Kusini.

BARAKA: Sasa hesabu hiyo miaka. Pale Kongresi Ron Dellums wa California alianza kupeleka muswada wake wa vikwazo 1972, unapigwa chini. Halafu kaja Rais Reagan, sera yake kwa kaburu ni tuongee nao taratibu tusiwabane, si wenzetu dhidi ya wakomunisti. Kilichobadilisha mambo ni mtaani bwana, Novemba 84 Randall Robinson wa TransAfrica, shirika la Wamarekani weusi la kuitetea Afrika, na wenzake wakaingia ubalozi wa Afrika Kusini pale Washington wakagoma kutoka, wakakamatwa, na toka siku hiyo ikawa watu wanaenda kukamatwa kwa zamu, wabunge wamo, hadi mwanamuziki Stevie Wonder alikamatwa Februari 85.

ZUHURA: Stevie Wonder kabisa?

BARAKA: Kabisa. Sasa mbunge akirudi jimboni anaulizwa kanisani, anaulizwa chuoni, we uko upande gani? Ndo wakapitisha sheria, Reagan akaipiga kura ya turufu, yaani veto, akaikataa tarehe 26 Septemba 86, na kuipindua unahitaji theluthi mbili kila upande.

ZUHURA: Na Seneti wakati huo ni ya Republican, chama chake mwenyewe.

BARAKA: Ndo utamu ulipo! Baraza la Wawakilishi 313 kwa 83, Seneti tarehe 2 Oktoba 78 kwa 21. Na aliyeongoza kuipindua hiyo veto ni Republican, Richard Lugar wa Indiana, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, mtu mpole wala si mwanaharakati.

ZUHURA: Ngoja, ile ya simu usiiruke.

BARAKA: Aaah, simu! Pik Botha, waziri wa mambo ya nje wa makaburu, akawapigia maseneta wa majimbo ya kilimo, eti mkipindua hiyo veto hatununui tena nafaka zenu. Na aliyempangia hizo simu ni nani? Seneta Jesse Helms wa North Carolina. Lugar alikasirika huyo, waziri wa nchi nyingine anawatishia maseneta ndani ya jengo lao wenyewe! Badala ya kuwavunja moyo watu nadhani aliwapandisha mori.

ZUHURA: Mimi nachoipendea ile sheria si makali, maana ukweli benki kukataa kumuongezea kaburu muda wa mikopo mwaka 85 nadhani ndo kulimuuma zaidi. Naipenda kwa sababu ilikuwa na mlango wa kutokea. Hakuna uwekezaji mpya, makaa ya mawe na chuma chenu hatununui, ndege zenu zisitue kwetu, sawa, lakini imeandikwa wazi ukitaka tukuachie mtoe Mandela na wafungwa wa kisiasa, fungulia vyama mlivyopiga marufuku, futa hali ya hatari, futa zile sheria za ubaguzi, kaa mezani. Mandela katoka Februari 90, Julai 91 Rais Bush mzee akaviondoa vikwazo.

BARAKA: Ila hoja ya Reagan na akina Helms kwamba vikwazo vitamuumiza mtu mweusi maskini kwanza, mi siwezi kuicheka, mchimbaji wa makaa akikosa kazi anakosa kweli.

ZUHURA: Siicheki hoja kaka, namcheka msemaji! Askofu Tutu wa huko huko Afrika Kusini aliviomba hivyo vikwazo, ANC, chama cha Mandela, waliviomba. Halafu twende 1996, Cuba wanadungua ndege mbili ndogo za kundi la Wacuba waliokimbilia Miami, Februari, Machi sheria imesainiwa kubana vikwazo zaidi, na jina lililo juu ya sheria ni nani? Helms-Burton! Helms yule yule! Huruma kwa maskini imeenda wapi? Mcuba maskini yeye hali chakula?

BARAKA: Hahaha, Mcuba hapigi kura, ila ndugu yake wa Florida anapiga.

ZUHURA: Enhee. Mi ndo maana mbunge akisema anaunga mkono vikwazo huwa siangalii hotuba, naangalia mlango. Ile ya 96 imeandika kabisa hata serikali ya mpito haitambuliki kama Fidel Castro, mtawala wa Cuba, au mdogo wake Raúl yumo, na ikachukua vikwazo alivyowawekea Cuba Rais Kennedy ikavifanya sheria ili rais asiweze kuvifuta peke yake. Obama kafungua ubalozi 2015, katua Havana 2016, kapiga picha weee, vikwazo havikutoka.

BARAKA: Na mwaka huo huo Fidel akafa.

ZUHURA: Akafa, na Helms alishatangulia 2008, na sheria ipo palepale.