Kibao cha urithi hakizimi moto

Haya tuanze, walioko nyuma sogeeni mbele, viti vipo, mimi sing'ati.

Nimeombwa niongelee moto wa kinu cha unga cha Washburn A, kule Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, ule wa tarehe 26 Februari 1991. Wengine mshanisikia kwenye hili mpaka mmechoka, lakini nitasema tena: kile kinu hakikuanza kuungua usiku wa 1991, kilianza 1965 kilipofungwa. Jengo kubwa la mawe kando ya mto Mississippi, reli ya mizigo imepita ubavuni, limekaa miaka 26 halina kazi. Halafu linawaka watu wanashika vichwa!

Najua kuna mtu ananiambia moyoni, ah mwalimu, vinu vya unga vinalipuka tangu zamani, ndo zao. Sawa, twende hapo hapo, maana hapo napapenda.

Tarehe 2 Mei 1878, jioni. Zamu ya mchana washaenda zao, wamebaki watu 14 wa usiku. Enzi hizo walisaga kwa mawe, na mawe yakizunguka bila ngano katikati yanatoa cheche, na humo ndani hewa yote imejaa vumbi la unga. Mshawahi kuingia kwenye mashine ya kusaga mkatoka nyusi nyeupe? Basi hilo hilo vumbi. Unga ukiwa kwenye gunia hauna neno, uwashie kiberiti utaungua kwa uvivu tu, ila ukitawanyika hewani kila chembe inapata oksijeni yake pande zote, ikigusa cheche zinawaka zote kwa mpigo. Jengo likaruka. Wale 14 wakafa palepale, wengine 4 vinu vya jirani, jumla 18, na karibu theluthi moja ya uwezo wa mji mzima kusaga unga ikapotea jioni moja. Maprofesa wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakaja kupima kuonyesha kwamba ni vumbi, maana watu walikuwa hawaamini, unga? Unga huu wa mkate ubomoe jengo la mawe?

Sasa nisikilizeni. Mwenye kinu, Cadwallader Washburn, alifanya nini? Akajenga upya, kikubwa zaidi, 1880 kinasaga, na wakaweka mitambo ya kuvuta vumbi. Wakati huo hakuna anayezungumzia urithi wala historia, ni kwamba kulikuwa na kazi! Ngano inaingia kwa mabehewa, unga unatoka kwa mabehewa, 1883 likajengwa lile daraja la matao ya mawe hapo hapo mtoni kupitisha treni. Kinu chenye kazi kikilipuka leo, kesho asubuhi watu wanafyatua tofali.

Kisicho na kazi je? Hapa ndo huwa napandisha presha. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ikakitangaza kinu hiki alama ya kihistoria ya taifa, heshima ya juu kabisa kwa jengo kule. Hongera. Miaka 8 baadaye kikaungua na heshima yake. Inasemekana ni watu wasio na makazi waliokuwa wamejibanza humo, na kila nikifika hapa kuna mtu anawalaumu wao. Jamani, Februari ya Minnesota mnaijua? Mtu anaganda wewe unamuuliza kwa nini amewasha moto! Muulize aliyeacha jengo tupu.

Halafu wapo wa kuniambia mwisho ulikuwa mzuri, kuta zilizobaki wakaziimarisha, 2003 ikafunguliwa makumbusho ndani ya magofu, kwenye banda la treni siku hizi kuna soko la wakulima. Ni kweli, na pamependeza, sikatai. Lakini pesa zilipatikana baada ya moto! Kabla ya moto zilikuwa wapi?

Nilitaka tuguse na jinsi Buffalo, mji wa jimbo la New York, ilivyoipiku Minneapolis kwa unga mwaka 1930, hapo kuna habari ya nauli za reli na ngano ya Kanada, ndo mzizi wa kufungwa kwenyewe, lakini mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya tatu na jicho lake silipendi. Haya, maswali. Wewe mwenye shati la bluu, ila usianze na wasio na makazi.