Ngoma za Ingo: Kuzisikiliza Upya Albamu za Helloween

Mabibi na mabwana, ndugu wapenzi wa muziki,

Nimeombwa nizungumzie kazi zilizorekodiwa na bendi ya roki nzito ya Helloween ya Hamburg, Ujerumani, tangu ilipoanzishwa mwaka 1984. Wengi wanaoizungumzia husimama kwenye albamu mbili za mwaka 1987 na 1988, wakazisifu, kisha wakayataja yaliyofuata kana kwamba ni makombo ya karamu. Mimi siafiki. Hoja yangu jioni hii ni kwamba albamu hizo mbili zimebaki hai kwa sababu wapo watu waliozibeba wakati bendi yenyewe ilipokuwa imevunjika, na kwamba anayetaka kulielewa hilo aanze kusikiliza kutoka nyuma ya jukwaa, anapokaa mpiga dramu.

Mpiga dramu wa kwanza alikuwa Ingo Schwichtenberg. Wenzake walikuwa Kai Hansen na Michael Weikath kwenye magitaa, na Markus Grosskopf kwenye besi. Mwaka 1985 walitoa Walls of Jericho chini ya kampuni ya Noise ya Berlin, albamu ya mbio tupu, na ndani yake Hansen anapiga gitaa na kuimba kwa wakati mmoja. Unaisikia sauti yake ikihangaika kuufikia mwendo wa vidole vyake mwenyewe. Ndipo akatafutwa mwimbaji, akapatikana Michael Kiske, kijana wa miaka 18, ambaye sauti yake ilipanda juu sana bila kupoteza unene wake.

Zile albamu mbili nilizozitaja mwanzo zinaitwa Keeper of the Seven Keys. Kazi hiyo ilikusudiwa itoke yote kwa pamoja, lakini ikaishia kugawanywa sehemu mbili. Naomba tuzitofautishe, kwa sababu husemwa kama kitu kimoja. Sehemu ya kwanza, ya mwaka 1987, kwa kiasi kikubwa ni mkono wa Hansen, ukiwemo wimbo unaozidi dakika 13 ambao karibu unaijaza nusu nzima ya pili ya santuri. Sehemu ya pili, ya mwaka 1988, imembeba zaidi Weikath. Yeye ndiye aliyetunga Eagle Fly Free, wimbo ambao katika mitindo yote ya pawa metali, yaani roki nzito ya mwendo wa kasi na sauti za juu, sijaona unaouzidi kwa kuonyesha bendi nzima ni akina nani. Msikilize Ingo humo: miguu yake yote miwili inakimbia juu ya kanyagio za ngoma kubwa, mfululizo, kama cherehani, ilhali mikono yake haina pupa. Katikati ya wimbo magitaa yanapewa zamu, kisha besi inapewa zamu, kisha wote wananyamaza na dramu zinabaki peke yake. Ni sekunde chache tu. Hata hivyo, asiyelijua jina la mpiga dramu hutoka hapo akiuliza.

Muda mfupi baadaye Hansen aliondoka akaanzisha bendi yake ya Gamma Ray, bendi ikaingia katika mgogoro wa kisheria na Noise, na albamu mbili zilizofuata, za mwaka 1991 na 1993, zikawapotezea wasikilizaji. Sina haja ya kukaa hapo. Ninalotaka mlikumbuke ni kwamba Ingo alikuwa mgonjwa, na maradhi yake yalikuwa ya akili. Mwaka 1993 akatoka katika bendi, kama alivyotoka Kiske, na Machi 1995 akafariki akiwa na umri wa miaka 29.

Waanzilishi waliobaki walikuwa wawili tu, Weikath na Grosskopf. Walimwita Andi Deris kutoka bendi ya Pink Cream 69, mwimbaji mwenye sauti ya mikwaruzo, ambaye hakujaribu kumwiga Kiske, na jambo hilo namheshimu nalo sana. Kwenye dramu alikaa Uli Kusch. Master of the Rings ya mwaka 1994 iliirudisha bendi kwenye njia yake, na The Time of the Oath ya mwaka 1996 wakaitoa kwa kumbukumbu ya Ingo. The Dark Ride ya mwaka 2000 ni nzito na ina giza, nyuzi za magitaa zimelegezwa ili sauti ishuke chini, na baadhi ya mashabiki waliikataa. Kwangu mimi ndiyo albamu yao ya kijasiri kuliko zote za kipindi hicho. Iliwagharimu, kwani Kusch na mpiga gitaa Roland Grapow waliondoka, na katika albamu ya mwaka 2003 sehemu kubwa ya dramu ilibidi ipigwe na Mikkey Dee wa bendi ya Motörhead, baada ya mpiga dramu wao mpya kuugua. Kwa miaka yote hiyo Deris alisimama jukwaani usiku baada ya usiku akiimba nyimbo zilizotungwa kwa koo la mtu mwingine, na ndiye aliyezifikisha kwa kizazi ambacho hakikumwona Kiske.

Dani Löble alikalia dramu mwaka 2005 na hajatoka. Mwaka 2017 Hansen na Kiske walirudi bila Deris kuondolewa, na katika ziara waliyoifanya pamoja Löble alipiga dramu akijibizana na picha za video za Ingo zilizooneshwa nyuma yake.

Kisha wakaingia studio. Albamu ya mwaka 2021, waliyoipa jina la bendi, ilishika nafasi ya kwanza Ujerumani, na inafungwa na Skyfall, utunzi wa Hansen wa zaidi ya dakika 12 ambao waimbaji wote watatu, Hansen, Kiske na Deris, wanapokezana. Löble alirekodi albamu hiyo kwa kutumia seti ya dramu iliyokuwa ya Ingo mwenyewe. Namwomba fundi mitambo atuwekee kwanza kile kipande cha mwaka 1988, dramu zikiwa peke yake, na bila kusema neno aunganishe na Skyfall.