Choki ipi kwa globu ipi: taa kubwa za metali halaidi

Karibuni mafundi. Tuko Nyakato, hapa Mwanza, na mezani kuna taa mbili za uwanjani zilizoshushwa kwenye nguzo. Zote ni za wati 400, zote metali halaidi. Ukienda dukani kutafuta choki, yaani ile koili inayozuia ampia za globu, ukasema “nipe choki ya mia nne” utapewa, na kwa mojawapo ya hizi mbili utakuwa umenunua choki isiyo yake. Wati peke yake hazitoshi. Tunaanzia kwenye ampia.

Globu hizi hazina waya unaopata moto. Ndani ya kile kichupa kidogo cha katikati kuna gesi, zebaki na chumvi za metali, umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Ukishaanza kuruka hauna breki, ampia zinataka kupanda tu. Choki ndiyo inayozizuia. Kwa hiyo choki isiyo sahihi haileti tu mwanga hafifu, inabadilisha maisha yote ya globu.

Hatua ya kwanza, zima breka na uhakikishe kwa tesita kwamba umeme haupo. Kisha kapasita. Hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuzima, kwa hiyo ipime kwa mita kabla ya kuweka kidole.

Hatua ya pili, soma globu. Dogo, sogeza kamera hapa kwenye shingo. Unaona maandishi madogo: wati 400 na namba ya modeli. Ampia mara nyingi hazipo kwenye kioo, ziko kwenye kasha au katalogi, ndiyo maana nasema kasha usilitupe. Hii ya kushoto ni ya ampia 3.4. Hii ya kulia imetengenezwa ikae kwenye choki ya taa za sodiamu, ambayo ni ampia 4.6 hivi. Ukiiweka ya 3.4 kwenye choki ya 4.6, italazimishwa kula wati nyingi kuliko zake: kichupa kinapata moto kupita kiasi, kinakuwa cheusi mapema, na kinaweza kupasuka. Ukifanya kinyume chake, globu haipati joto la kutosha, rangi inakaa vibaya na mwanga unachezacheza. Kuna modeli ambazo kiwanda kinaruhusu choki zote mbili, lakini hilo lisomwe kwenye katalogi, lisikisiwe.

Kwenye wati 1000 ni hivyo hivyo: zipo za ampia 8.25, zipo za 9.5. Za wati 2000 zina mtego wake, kwa sababu nyingi zinataka volti 400, yaani fezi mbili bila nyutro. Hapo breka iwe ya poli mbili, yaani inayokata fezi zote mbili kwa pamoja. Ukikata fezi moja tu, ile nyingine bado inakusubiri kwenye holda.

Sasa zile taa zilizotumika zinazoshuka na makontena kutoka Marekani. Wao wanaandika msimbo: M59 ni wati 400 ya mtindo wa zamani, isiyotaka ignita, yaani kile kifaa kinachorusha volti kubwa kuiwasha globu. M135 au M155 nazo ni wati 400, lakini za kuwashwa na ignita. M47 ni wati 1000. Msimbo wa globu na wa choki ulingane, basi. Ila angalia hertzi pia. Choki ya kawaida ya 60 ukiiweka kwenye umeme wetu wa 50 inapitisha ampia zaidi, karibu moja ya tano ya ziada. Mimi choki kama hizo siziungi, hata mteja akiniambia ni za bure.

Hatua ya tatu, lebo ya choki. Volti 230, hertzi 50, ampia tulizozitafuta. Halafu kuna hiki watu wanachokiruka: tw 130, na pembeni Δt 70. Cha kwanza ni joto la juu ambalo koili imeundwa kulihimili kazini, cha pili ni joto ambalo choki inajiongezea yenyewe. Toa 70 kwenye 130, unabaki na 60. Hewa inayoizunguka choki ndani ya sanduku isizidi nyuzi 60. Sanduku la chuma lisilo na tundu, limefungwa upande wa jua, choki tatu zimebanana ndani: hapo ni rahisi kuivuka. Ziachanishe, na sanduku liweke kivulini mwa nguzo ukiweza.

Hatua ya nne, waya. Fezi inaingia kwenye choki, inatoka kwenda kwenye ignita alama B. Kutoka alama Lp ya ignita inakwenda kwenye kitufe cha katikati cha holda. Alama N inakwenda kwenye nyutro na upande wa pili wa holda. Kapasita inakaa kati ya fezi na nyutro pale umeme unapoingia, na ukubwa wake umeandikwa kwenye choki. Ethi kwenye kila chuma. Ignita hii ya nyaya tatu inarusha volti elfu kadhaa, kwa hiyo ikae karibu na globu. Ukiiacha chini ya nguzo ndefu, nguvu yake inapotelea kwenye waya.

Kabla ya kufunga kioo, kagua gasketi. Wadudu wa ziwani wakija kwa wingi, tundu dogo tu linatosha, asubuhi unakuta taa imejaa nusu. Na kioo cha nje cha globu kikiwa kimepasuka, usiiwashe hata kama inakubali kuwaka. Inatoa mionzi inayounguza macho na ngozi.

Washa. Ipe dakika tano itulie, mwanzoni ampia huwa juu. Ukiizima, haitawaka hapo hapo. Subiri hata robo saa ipoe, usikimbilie kubadilisha ignita. Ikishatulia, klampu mita kwenye waya wa globu: hii ya kushoto inasoma 3.4. Hamisha kwenye waya unaoingia, kabla ya kapasita: ampia 2 na kitu, kwa sababu kapasita ndiyo inayozipunguza upande huu. Ukikuta pande zote mbili zinafanana, kapasita imekufa au haijaungwa.