Gobori, Mafuta na Fataki: Uasi wa 1857 katika Sinema ya India

Mabibi na mabwana, karibuni. Jioni hii tunazungumzia filamu za Kihindi, lakini si zile za mapenzi na nyimbo zilizojaza kumbi za Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Tunazungumzia zile zinazosimulia uasi dhidi ya Waingereza, hasa ule wa 1857, ulioanzishwa na askari wa Kihindi waliokuwa katika jeshi la Waingereza. Nitaanza na bunduki. Asiyejua bunduki ile ilivyoshindiliwa hawezi kuelewa askari walikataa nini, na filamu nyingi humpitisha mtazamaji hapo mbiombio.

Bunduki yenyewe ni Enfield ya 1853. Ni gobori, yaani hushindiliwa kwa kupitia mdomo wa mtutu. Imezidi gobori za zamani kwa jambo moja: ndani ya mtutu mna mifuo mitatu inayozunguka, ili risasi itoke ikijizungusha na kwenda mbali bila kupotoka. Mtutu una upana wa milimita 14.7. Kila mpigo ulifungwa tayari katika fuko la karatasi, lile ambalo wenye magobori wa huku kwetu waliliita kiasi. Upande mmoja mna baruti, kama gramu 4 na nusu. Upande wa pili mna risasi ya gramu 34 hivi. Karatasi ya upande wa risasi ilipakwa mafuta.

Mafuta ya nini? Baruti nyeusi huacha masizi mazito, na risasi inayoubana mtutu haishuki penye masizi. Bila kulainishwa, baada ya mipigo kadhaa hukwama njiani, na askari amebaki na fimbo mkononi.

Sasa itazameni mikono. Askari anasimamisha bunduki, kitako chini. Anatoa kiasi mkobani na kukata ncha yake kwa meno, maana mkono mwingine umeshika mtutu. Anamimina baruti. Anageuza kiasi, anatia risasi pamoja na karatasi yake ya mafuta, anachana karatasi iliyobaki juu, anashindilia kwa mdeki, ile fimbo ya chuma ya bunduki. Anarudisha mdeki mahali pake, ananyanyua bunduki, anavuta nyundo nusu, anavika fataki, yaani kile kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa na nyundo, anavuta nyundo yote, analenga. Askari hodari alipiga mara tatu kwa dakika. Mkiona katika filamu mtu anapiga mara mbili mfululizo bila kushindilia, basi mtengenezaji amelitupa tendo lenyewe lililowasha vita.

Kwa maana meno yamo katika amri. Mnamo Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, ulienea uvumi kwamba mafuta yale ni ya ng'ombe na ya nguruwe. Mswahili hahitaji kuelezwa nguruwe ni nini kinywani mwa Mwislamu. Kwa Brahmin, Mhindu wa tabaka la juu, mafuta ya ng'ombe yalikuwa kutolewa katika tabaka lake: nani atakula naye, nani atamwoza binti yake? Wakubwa wa jeshi wakasema haya, askari wapake mafuta yao wenyewe. Baadaye wakabadili hata amri, karatasi ichanwe kwa vidole. Haikusaidia kitu. Tarehe 26 Februari, kikosi cha 19 kule Berhampore kilikataa hata kupokea fataki, kwa kuwa sasa walishuku karatasi yenyewe na mng'ao wake. Hofu ilihama kutoka kwenye mafuta ikaingia kwenye karatasi. Mtu asiyeaminika hata akitoa tiba huonekana analeta sumu.

Hapo ndipo palipo pagumu kwa sinema, kwani uvumi hauna sura ya kupigwa picha. Filamu ya Ketan Mehta ya 2005 kuhusu Mangal Pandey, aliyeigizwa na Aamir Khan, ilipata njia nzuri. Inaweka urafiki kati ya Mangal na ofisa wa Kiingereza, Gordon. Gordon anaapa kwamba mafuta ni safi, na Mangal anauma kiasi kwa kumwamini. Halafu anagundua kwamba mafuta si safi. Kwa hiyo kinachovunjika si mwiko wa dini peke yake, ni neno la rafiki. Hilo naliona ndilo fungu bora la filamu nzima, hata kama urafiki wenyewe ni wa kubuniwa.

Udhaifu wake ni kumfanya Mangal chanzo na kilele cha kila kitu. Tarehe 29 Machi 1857, uwanjani Barrackpore, alimpiga risasi sajenti-meja Hewson akamkosa, kisha akampata farasi wa luteni Baugh, wakapambana kwa panga. Aliyemshika Mangal ni askari mwenzake, Shaikh Paltu. Lakini walinzi waliokuwa karibu hawakusogea, na jemadari wao, Ishwari Prasad, hakuwaamuru wamkamate. Alipoona amezingirwa, Mangal alielekeza mtutu kifuani mwake akafyatua kwa kidole cha mguu. Hakufa. Alinyongwa tarehe 8 Aprili. Jemadari naye alinyongwa mwezi huohuo. Wale waliosimama kimya ndio habari kubwa ya siku ile, maana ukimya wao ulimwambia jenerali Hearsey kwamba jeshi limekwisha kumponyoka.

Uasi wenyewe ulilipuka mbali na hapo, Meerut. Tarehe 24 Aprili, askari 85 kati ya 90 wa farasi walikataa viasi. Na viasi hivyo vilikuwa vya zamani, vya kuchanwa kwa vidole! Tarehe 9 Mei walifungwa pingu mbele ya wenzao wote, wengi wao kwa kifungo cha miaka 10 na kazi ngumu. Kesho yake Meerut ikawaka, na tarehe 11 wapanda farasi walikuwa Delhi. Anayetaka kutengeneza filamu mpya ya 1857 namshauri aanzie kwenye kufungwa zile pingu, palepale uwanjani, bila muziki.

Kuhusu RRR ya 2022 sitakaa sana. Ni burudani kubwa, lakini mashujaa wake wawili, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, hawakupata kukutana, na Bheem alipigana na serikali ya Nizam, mtawala wa Kihindi wa Hyderabad. Raju aliongoza uasi wa 1922 hadi 1924 katika vilima ambako sheria ya misitu ya 1882 ilikuwa imewabana watu wasilime kwa kuhamahama. Sheria ile ndiyo ningependa kuiona kwenye pazia.

Satyajit Ray alijua kwamba uasi huanzia kwenye karatasi kama hizo. Shatranj Ke Khilari, ya 1977, haina vita. Ni Lucknow, mji mkuu wa ufalme wa Awadh, 1856: waungwana wawili wanacheza sataranji, huku Outram, mwakilishi wa Waingereza, akimletea mfalme Wajid Ali Shah mkataba wa kuachia Awadh. Mfalme anakataa kutia sahihi, lakini anavua kilemba. Kumbukeni kwamba sipahi, yaani askari wa Kihindi, wengi wa jeshi la Bengal walitoka Awadh. Kabla ya hapo, sipahi mwenye kesi ya shamba kijijini alipeleka malalamiko kwa mwakilishi wa Waingereza, na kesi yake ikaheshimiwa. Awadh ilipotwaliwa, upendeleo huo ukafa.

Kwa hiyo mkipanga kuzionyesha hizi filamu, anzeni na ya Ray, ifuatie ya Mehta, mmalizie na Junoon ya Shyam Benegal. Hiyo inatupeleka kanisani Shahjahanpur, waasi wakiwavamia waumini, na inabaki na wanawake waliojificha. Humo mna Sarfaraz, mmoja wa waasi, aliyeigizwa na Naseeruddin Shah, akirudi nyumbani baada ya Delhi kuanguka. Anawakuta jamaa zake wangali wanacheza na njiwa, anaanza kuvunja matundu.