SAT siyo Exetat (niliyoongea na wazazi, Grand Rapids, Michigan)

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Watoto waacheni wacheze koridoni, leo tunawasema wao.

Kuna mama alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka, kijana wake yuko grade ya 11 kamwambia kesho ana mtihani wa jimbo. Mama akafunga kula, akaamka saa tisa usiku kusali, maana kichwani mwake mtihani wa jimbo ni Exetat, ule mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari Kongo. Na namuelewa kabisa. Kule Kongo ukifikisha 50 umepita, watu wanakumwagia poda kichwani mtaa mzima unapiga kelele, ukikosa unarudia mwaka. Sisi wa Tanzania nasi tuna kidato cha nne, matokeo yakitoka kila shangazi ana jina lako kwenye simu. Sasa huo mtihani wa kijana ni SAT, wa kuombea chuo hapa Marekani, na hauna kupita wala kufeli. Aliyekosa yote anapewa 400, aliyepata yote 1600, halafu kila chuo kinaamua chenyewe kinataka ngapi, basi.

Imefikaje shuleni? Zamani SAT na mwenzake ACT, mtihani mwingine wa kuombea chuo, ilikuwa mzazi ujiandikishe mwenyewe, ulipe, umpeleke mtoto Jumamosi asubuhi kwenye shule ya mbali. Sasa wewe unafanya shifti ya usiku kiwandani, gari moja watu saba, na hata hujui kama kuna kitu kinaitwa ACT, utajiandikisha vipi? Majimbo ya Colorado na Illinois walianza 2001 kuwafanyisha ACT wanafunzi wote wa shule za umma, siku ya shule, jimbo linalipa. Michigan wakafuata 2007, na 2016 wakahamia SAT. Inafanywa majira ya kuchipua, pamoja na mitihani mingine ya jimbo, ndo maana watoto wanarudi wamechoka siku kadhaa mfululizo.

Na hapa ndo pananigusa. Mtafiti mmoja alifuatilia Michigan kabla na baada ya 2007, akakuta kwamba kwa kila watoto 10 wa familia maskini waliokuwa wanapata alama za kuwatosha chuo, kulikuwa na wengine 5 wenye uwezo uleule ambao hawakuwa wanafanya mtihani wowote. Watano! Hawakuwa wajinga, hakuna tu aliyewauliza. Lakini huyohuyo akakuta pia kwamba walioongezeka kwenda vyuo vya miaka minne hawakufika hata asilimia moja ya wanafunzi. Yaani jimbo limefungua geti, watoto wengi wameishia palepale getini wameshika karatasi ya alama.

Mtihani wenyewe sasa ni kwa kompyuta, unachukua muda wa saa mbili na dakika 14, kusoma na kuandika kwanza halafu hesabu, kila upande una vipande viwili na ukifanya vizuri kipande cha kwanza cha pili kinakuja kigumu zaidi, kwa hiyo mtoto akikwambia mwishoni palikuwa pagumu usimkaripie, inawezekana ni habari njema. Jibu baya halikatwi alama, asiache hata swali moja wazi. Kikokotoo kimo humohumo. Mazoezi yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy, msimlipe mtu mamia ya dola kabla mtoto hajamaliza hayo.

Wale ambao watoto wao bado wako kwenye programu ya kujifunza Kiingereza, sikilizeni vizuri: wanaweza kupewa muda wa kawaida na nusu yake juu, na kamusi ya neno kwa neno iliyoidhinishwa. Ila inapangwa na shule mapema, asubuhi ya mtihani umeshachelewa. Nenda kwa kaunsela, omba mkalimani, usimtume mtoto akutafsirie mambo yake mwenyewe, wanaruka vitu hawa.

Baba pale umenyoosha mkono… Eeh, anasema amesikia vyuo siku hizi havitaki SAT. Vingi vimeifanya ya hiari tangu korona, kweli, vingine vimeirudisha, chuo cha MIT kwa mfano walirudi 2022. Ya hiari maana yake alama nzuri mnatuma, mbaya mnaziacha kabatini. Sasa utachaguaje kama hujaziona? Matokeo yakitoka mwambie afungue akaunti yake ya SAT mbele yako muyaone. Halafu Oktoba akiwa grade ya 12 kuna fomu ya FAFSA, ya msaada wa ada, hiyo haifanywi na shule kwa niaba yako, na ndiyo inayotushinda sisi.

Mama Furaha, uliza.