Cheti cha Baba Yako Kiko Wapi?

Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao, Moshi, mwezi Februari

Kaeni, kaeni. Wa nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele. Nimeambiwa nizungumzie mkopo wa elimu ya juu, nisizidi dakika 40. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka.

Sitawaeleza Bodi ya Mikopo ni nini. Ilianza kazi 2005, inawazidi umri karibu vijana wote mlioketi hapa, na kaka na dada zenu wamepita humo. Sitawafundisha kubofya pia, maana kwa simu mnanishinda. Nitazungumza habari ya karatasi. Wapo walionisikia mwaka jana wakija na watoto wao wakubwa, na mwakani nitasema haya haya, kwa sababu kila ikifika Oktoba majina yanapotoka, wanakuja nyumbani kwangu watoto wenye divisheni wani wanalia. Ninafungua akaunti zao za SIPA, zile za kuombea mkopo kwenye mtandao wa Bodi, ninasoma, na sina haja hata ya kuvaa miwani. Cheti.

Sikilizeni. Bodi iko Dar es Salaam. Haijafika kwenu Uru, haijui kama mama anauza mitumba Kiboriloni na kwa hiyo mitumba anasomesha watoto wanne. Inachojua ni ulichokipakia kwenye mfumo: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo; cheti cha kifo kama umefiwa na mzazi, nacho kimehakikiwa; fomu iliyosainiwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa kama wewe au mzazi ana ulemavu; namba ya kaya kama mko TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini; barua ya mfadhili kama kuna aliyekulipia ada ya sekondari. Hizo ndizo zinazosema wewe ni mhitaji. Usipokuwa nazo, mbele ya mfumo wewe na mtoto wa mwenye hoteli mko sawa.

Sasa niwape kisa kimoja. Binti wa Kibosho, simtaji jina, amesoma vizuri, masomo ya sayansi. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Kijiji kizima kinajua, paroko anajua, maana ndiye aliyezika. Binti akajaza kwamba baba ni marehemu, akaambatisha kibali cha mazishi, akatulia. Baadaye ombi likarudi kwamba halijakamilika, linatakiwa cheti cha kifo. Kibali cha mazishi, wanangu, kinaruhusu watu kuzika, basi. Hakithibitishi kwa mtu aliye Dar es Salaam kwamba wewe huna baba.

Cheti kiko wapi? Kwa baba mdogo. Kwa nini kiko kwa baba mdogo? Kwa sababu baba mdogo ni msimamizi wa mirathi, na kuna kihamba, shamba la ukoo. Hapa wazee mnisamehe, lakini nitasema. Baba mdogo aliamini kwamba akimpa shemeji yake ile karatasi, amempa na migomba na makaburi ya wazee. Mama akaenda mara ya kwanza, akaambiwa kabati limefungwa, ufunguo uko Tanga. Mara ya pili akaambiwa kikao cha ukoo kikae kwanza. Kikao kikae Desemba, watu wakirudi kwa sikukuu! Dirisha la maombi linafungwa mwisho wa Agosti au hapo jirani, ukoo unapanga kikao cha Desemba. Kidogo tu yule mama achume jani la sale, lile la kuombea msamaha, apeleke kama mkosaji, naye hakumkosea mtu yeyote.

Nilipopata habari nilimwambia mama neno moja: acha kabati la watu. Cheti cha kifo si mali ya ukoo. Ni kumbukumbu ya serikali, na baba mdogo ameshika nakala tu. Kama kifo kilisajiliwa, unakwenda RITA, hapo kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya, unaomba nakala nyingine. Kama hakikusajiliwa kabisa, kinasajiliwa hata leo kwa utaratibu wa waliochelewa. Ni mzunguko, utasumbuka na barua ya mtendaji na karatasi za hospitali, lakini kinapatikana. Na kihamba kinabaki pale pale kilipo, hakuna atakayekihamisha kwa cheti.

Mama alipata nakala. Ilitoka dirisha limeshafungwa. Binti akaanza chuo kwa michango ya jumuiya ndogondogo, mwaka wa pili akaomba upya akiwa na karatasi zote, akapata. Mwaka mzima ulipotea kwa ajili ya kabati. Kwa hiyo wajane mlio hapa, na ninyi akina baba wadogo, kwa sababu mpo, nawaona: hilo jambo limalizwe mwezi huu, tukiwa na miezi mbele yetu.

Kuna meku, mzee wetu mmoja, pale anatikisa kichwa. Najua anachotaka kusema, kwamba mikopo wanapewa watoto wa wakubwa. Sitabishana naye, sisimami hapa kuitetea Bodi. Ila nimekaa na watoto waliokosa, tukafungua fomu pamoja ukurasa kwa ukurasa, na sikumkuta huyo mkubwa. Nilikuta ukurasa wa sahihi haukupakiwa. Nilikuta mwenyekiti wa mtaa amesaini bila mhuri. Nilikuta fomu haikupelekwa kwa wakili wala hakimu, mtoto amesaini mwenyewe pale pa kamishna wa viapo kwa sababu aliona pako wazi. Pako wazi! Ukishafanya hayo, huna hata haki ya kumlaumu mkubwa.

Na majina. Kwenye cheti cha kuzaliwa umeandikwa Aloyce, matokeo ya kidato cha nne yanasema Aloisi, na kitambulisho cha baba yako kina tahajia ya tatu ambayo aliitunga karani. Nyumbani mtu ni mmoja, kwenye kompyuta wameshakuwa watatu. Mwingine alipewa jina la ubatizo shuleni, cheti kina jina la bibi. Mwingine ana majina mawili huku na matatu kule. Leo jioni, kabla ya kula, weka cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne mezani, soma herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, usisubiri dirisha lifunguliwe. Anza RITA na uhakiki wa cheti, waulize kipi kinarekebishika na kipi kinahitaji hati ya kiapo. Uhakiki unaombwa kwa mtandao, lakini kila mtu akiuomba wiki moja, mnajua wenyewe.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayotumia kuomba mkopo iwe ile ile uliyoombea chuo. Waliorudia mtihani mna namba mbili, chagueni moja mshikamane nayo.

Sasa steshenari. Sina ugomvi na vijana wa steshenari pale stendi, wanatusaidia. Lakini mtoto anakwenda, anatoa hela, yule kijana anafungua akaunti kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu, nenosiri analijua yeye. Akaunti kumi kwa siku. Bodi ikitoa siku za kurekebisha, ujumbe unakwenda kwa kijana wa steshenari, ambaye wakati huo ameshahamia Arusha. Barua pepe iwe yako. Namba iwe yako, na usibadilishe laini mpaka umemaliza chuo. Ada ya maombi ni shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ambayo mfumo unakupa wewe. Mtu akikuomba umtumie kwenye simu yake, ondoka.

Muda umekwisha? Dakika 5? Mwenyekiti, nimechelewa kuanza kwa sababu ya viti. Haya, haraka haraka.

Mliosoma shule za kulipia kwa ufadhili, kanisa au mtu binafsi, mfumo ukiona ile shule unadhani baba ana hela. Ombeni barua ya mfadhili kabla hajasahau kwamba aliwahi kuwafadhili.

Mtakaochaguliwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mtakuwa kambini dirisha likiwa wazi. Acheni vyeti vilivyohakikiwa na nenosiri kwa mtu mmoja nyumbani, mwenye akili, si lazima awe mkubwa.

Mkichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, thibitisheni kimoja mapema. Mkopo unafuata chuo ulichothibitisha. Ukikosa au ukipewa kidogo, kuna dirisha la rufaa, nalo linadai karatasi zile zile.

Wanaoogopa deni: ni deni, ndiyo, si zawadi. Ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyowatesa kaka zenu ilifutwa 2021. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hela ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023, na msinitazame hivyo, sikuipanga mimi. Wa sayansi mtakaofaulu sana mfuatilie pia Samia Skolashipu, ambayo hairudishwi.

Kuna kijana ameniandikia kikaratasi kuhusu Marekani na ile FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali yao. Mwanangu, FAFSA ni ya raia wao na wakaazi wachache wenye vibali maalumu, usijaze. Vipo vyuo vichache, kama Harvard, Yale na Amherst, vinavyokupokea kwa sifa bila kutazama mfuko wako hata ukiwa mgeni, kisha vinakusaidia kulipa. Maombi yao hufungwa takriban kati ya Novemba na Januari, kwa hiyo wewe umeshachelewa kwa mwaka huu. Wadogo zako wa kidato cha tano waje kwangu Julai.

Basi. Waliokuja na vyeti mkononi, pangeni mstari hapa kulia, nitavitazama kimoja kimoja. Waliokuja mikono mitupu, chai iko nje, lakini msiimalize.