Nunua fimbo moja kwanza, jamani

Haya, hizi fimbo mbili za kuvulia samaki zipitishwe mkono kwa mkono, tuanze upande wa kushoto, na angalieni feni hapo juu tafadhali. Zote ni futi 7, zote kaboni, zote za kasting, yaani rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, inakaa juu ya mpini, pete zinatazama juu, na chini kuna kile kijipembe cha kushikia kidole kama cha bunduki. Bonyezeni ncha kwenye zulia, pole pole. Kuna mtu ataniambia zinafanana. Hazifanani hata kidogo, na hiyo ndiyo mada yangu yote leo, nimeisema mwaka jana, nimeisema tena kwenye nyama choma, na wiki iliyopita bado kuna kaka mmoja kanipigia simu anatoka dukani na fimbo nne. Nne! Na besi, yule samaki wa maziwani mwenye mdomo mpana, hajawahi kumshika hata mmoja. Mtu unamaliza hela ya mwezi kwa vitu ambavyo hujajua vinafanya nini, inaniuma kweli.

Sasa aliye na ile ya bluu, soma maandishi hapo juu kidogo ya mpini. Sauti kubwa. Futi 7, halafu MH, halafu F, halafu robo mpaka wakia moja, halafu ratili 12 mpaka 20. Basi, duka zima limeandikwa hapo. Nasema wakia na ratili maana bibi zetu walipimia hivyo hivyo na Wamarekani mpaka leo hawajaacha. Wakia moja ni kama gramu 28, kwa hiyo hii inarusha chambo cha gramu 7 mpaka 28. Na hizo ratili siyo uzito wa samaki, nawaomba sana, ni nguvu ya uzi unaofaa kwa hiyo fimbo. Kila mara kuna mtu anasema mimi nataka ya ratili 50 kwa sababu nataka samaki mkubwa. Besi mkubwa kuliko wote waliowahi kuvuliwa Texas hii alitoka ziwa la Lake Fork, Januari 1992, ratili 18.18, kilo nane na kidogo. Hiyo ndiyo rekodi ya jimbo zima. Wewe ratili 50 unamvua nani?

MH na F sasa, hapa ndipo watu wanapoanguka. MH, medium heavy, yaani nzito kiasi, ni nguvu, kwamba fimbo inahitaji kuvutwa kwa kiasi gani ndipo ikubali kukunjika. F, fast, ni mkunjo, kwamba ikikubali inakunjikia wapi. F inakunjika karibu na ncha, theluthi ya juu hivi, halafu chini yake ni mgongo mtupu. Ile nyingine ya kijani nguvu yake ni hiyo hiyo MH lakini mkunjo wake unashuka mpaka katikati. Ndiyo maana mkizibonyeza kwenye zulia moja inainamisha kichwa tu na nyingine inainama kiuno. Vitu viwili tofauti, nguvu na mkunjo, na muuzaji anavichanganya na wewe unavichanganya.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza hapa niliuziwa fimbo ya H, heavy, nikaambiwa nzito ndiyo inadumu. Nikaenda nayo Lake Fork mwezi wa tatu, asubuhi baridi, ile miti iliyokufa imesimama ndani ya maji, nikafunga krankibeti, kile kisamaki cha plastiki chenye ndoana mbili za meno matatu matatu. Samaki wa kwanza akapiga, nikavuta kwa nguvu kama nilivyozoea, akaruka, akatikisa kichwa, kaenda. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nilimwona kabisa pembeni ya boti, mgongo wa kijani ule, halafu uzi ukalegea. Kuvuta chambo nikakuta kwenye jino moja la ndoana kamebaki kangozi cheupe cha mdomo, chembamba kama karatasi. Nilikikalia kile kingozi siku nzima nikikiwaza. Zile ndoana ni nyembamba, zinashika ngozi tu, na fimbo yangu ilikuwa kama mti wa mwiko, haikumwachia samaki nafasi ya kuvuta, basi kitu kilichochanika ni mdomo wake.

Najua mzee wangu pale nyuma atasema, babu yangu Tanga alivua changu kwa mshipi wa mkono, fimbo ya nini. Ni kweli, na alivua kuliko mimi. Lakini kidole cha babu ndicho kilichokuwa mkunjo, samaki akivuta anaachia uzi uteleze, akichoka anavuta, na chubwi lake liko chini ya ngalawa pale pale. Besi yuko mita 25 kule kwenye majani, lazima urushe, na kidole hakifiki huko.

Basi kwa nini tusichukue wote hii ya kijani inayoinama kiuno? Kwa sababu ya mnyoo wa plastiki, Texas rigi. Pale ndoana ni moja, nene, imefichwa ndani ya plastiki, lazima itoboe plastiki kwanza halafu utaya ambao ni mgumu, na ukivuta kwa fimbo laini nguvu yote inaishia kwenye fimbo. Jigi, ile ndoana yenye kichwa cha risasi, vile vile. Kwa hiyo kama una hela ya fimbo moja chukua ya bluu, inafanya mnyoo, jigi, spinabeti na chatabeti, vile vyambo vyenye kibamba cha chuma kinachozunguka au kutikisika majini, hata chura wa plastiki ukiweka uzi wa kusuka ilimradi majani hayajafunga sana, na siku ya krankibeti unaweka nailoni maana inavutika, unalegeza breki ya rili, na samaki akipiga usikurupuke, geuza kiuno tu uzi ukaze. Haiwezi kila kitu, vyambo vyepesi chini ya gramu 7 waachie wenye fimbo za spini, zile ambazo rili inaning'inia chini ya mpini.

Naona mnatazama saa. Haraka haraka basi. Urefu, futi 7, fupi zaidi hairushi mbali, ndefu zaidi inakusumbua kwenye gari. Rili saba kwa moja, yaani ukizungusha mkono wake mara moja, bobini ya uzi inazunguka mara saba. Mpini koki au sponji, hiari yako. Usimnyanyue samaki kwa ncha ya fimbo, ndivyo zinavyovunjika. Leseni ya kuvua hapa Texas, kuanzia miaka 17. Na dada aliyeuliza kuhusu Naivasha, ndiyo, besi wako, walipelekwa 1929 kutoka huku huku Marekani, chukua namba hizi hizi lakini ya vipande viwili iingie kwenye mzigo wa ndege.

Ya rili kujisokota uzi nitaionyesha nje. Nimeweka ndoo pale kwenye nyasi, hatua thelathini, kila mtu arushe mara tatu kwa ya bluu na tatu kwa ya kijani, dole gumba lisitoke kwenye uzi. Watoto kwanza.